Darasa la picha Upanga: sinagogi la Kochi kwa macho ya fundi tailizi

Kiingilio shilingi 10,000, chai ya maziwa na bagia zimo humo humo. Kwa hela hiyo unakaa kama saa mbili na nusu kwenye sebule ya ghorofa ya pili, Upanga, unamsikiliza mwalimu mstaafu wa jiografia akieleza jengo moja tu, huku picha zikipita kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani. Jengo lenyewe haliko Dar wala haliko Afrika. Ni sinagogi la Wayahudi lililoko Mattancherry, mjini Kochi, jimbo la Kerala, kusini mwa India. Lilijengwa mwaka 1568.

Kwa wasiopenda maelezo marefu: nendeni, hela yenu haitapotea. Darasa lina kasoro moja kubwa, nitaifikia, na nyingine ndogo ndogo za viti na umeme. Nimewahi kulipa zaidi ya hapo kuangalia mpira na timu yangu ikafungwa.

Mimi ni fundi tailizi. Nimelaza sakafu Masaki, Mbezi Beach, Goba, na vyumba vya kupangisha Tabata ambavyo wenyewe mpaka leo wananiambia "wiki ijayo, fundi". Aliyenipeleka kwenye darasa hili ni mteja wangu, mama mmoja ninayemfanyia bafu. Aliniambia kuna sakafu anataka nikaione. Nikadhani ni kazi, nikabeba na futi kabisa.

Mwalimu, maana ndivyo wote pale tunavyomwita, hakusomea habari za Wayahudi. Alikwenda Kochi kumuuguza mkewe, safari ambayo familia nyingi za mjini hapa zinaijua: vipimo leo, majibu kesho kutwa, na hapo katikati huna pa kwenda. Siku hizo akawa anapanda kivuko kutoka Ernakulam, anavuka kama sisi tunavyovuka kwenda Kigamboni, anazurura mitaa ya Mattancherry yenye maghala ya pilipili manga na tangawizi kavu. Mwisho wa mtaa mmoja wa maduka akakutana na mnara wa saa. Ndiyo ikawa mwanzo wa haya. Mkewe alipona, na sasa ndiye anayepika bagia na kumsahihisha mumewe mbele za watu.

Picha za nje amezipiga mwenyewe kwa simu. Za ndani ni kadi za posta alizonunua mtaani pale pale, akazipiga picha tena na kuzikuza. Kwa hiyo za ndani zina ukungu kidogo, na shuka nalo lina mkunjo unaopita katikati. Unazoea.

Sasa sakafu. Mwalimu anaileta mapema, na hapo ndipo nilipovuta kiti mbele bila kuomba ruhusa. Ni tailizi za kauri kutoka China, za karne ya 18, zinatajwa kuwa kama 1,100 hivi, nyeupe zenye michoro ya buluu: mti unaoinamisha matawi juu ya maji, kibanda, kilima kwa mbali. Zimechorwa kwa mkono, moja baada ya nyingine, kwa rangi ya kobalti, zikapakwa glezi, ule utando unaong'aa kama kioo, zikaingia tanuri. Rangi ikiwa chini ya glezi haifutiki kwa kufagia wala kwa kupiga deki, ndiyo maana buluu ile bado ni buluu.

Mwalimu anasema, na inasemekana ndivyo wanavyosema wote wa kule, kwamba hakuna tailizi mbili zinazofanana. Nikamwomba arudishe picha nyuma.

"Shikamoo Mwalimu, samahani. Unaweza kuikuza hapo pembeni?"

"Marahaba, fundi. Hapa?"

"Hapo hapo."

Akaikuza mpaka ikaanza kuvunjika vunjika. Ukitazama vizuri, michoro inajirudia. Mti ule ule, kibanda kile kile. Kisichojirudia ni mkono: hapa tawi limenenepa, pale mchoraji kachovya brashi ikiwa imelowa mno na rangi ikatambaa, kule kilima kimekuwa mkwaruzo tu kama mtu aliyekuwa anakimbizana na jua. Kwangu hilo ni tamu kuliko habari ya "hakuna mbili zinazofanana". Unamwona kibarua wa China mwenye mchoro mmoja wa kuiga na rundo la vipande vya kumaliza.

Halafu kuna kazi ya kuzilaza, ambayo darasa halikuigusa, basi niigusie mimi. Tailizi za kiwandani za siku hizi zinatoka sawa, unaweka spesa, unavuta kamba, unatembea. Za kutengenezwa kwa mkono hazina adabu hiyo. Moja nene, moja nyembamba, moja imejipinda tanurini. Spesa haikusaidii. Unazipanga kavu kwanza, unachambua nene huku na nyembamba kule, halafu kila moja unaipa udongo wake, unaigonga kwa mpini, unaangalia futi, unaing'oa, unaongeza, unagonga tena. Kwenye picha viungo vimebana na mstari umenyooka kutoka mlangoni hadi mbele. Kwa vipande zaidi ya elfu! Mwalimu alitutajia jina la aliyezileta kutoka China: Ezekiel Rahabi, mfanyabiashara mkubwa wa Kochi, wa ukoo uliotoka Aleppo kule Shamu, mtu aliyekuwa wakala mkuu wa Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki ya India pale mjini. Nikauliza na aliyezilaza je? Mwalimu akacheka, akasema fundi ni fundi.

Kitu kingine kilichonifurahisha: watu wanaingia peku. Masinagogi ya Ulaya hayana desturi hiyo, hii ni ya Kerala, na mswahili yeyote ataielewa bila kuelezwa. Mimi naongeza sababu ya kifundi. Glezi haiuawi na uzito, inauawa na mchanga wa viatu unaosagwa chini ya soli. Sakafu iliyokanyagwa kwa nyayo tupu inaishi.

Ipo hadithi ya damu ya ng'ombe ambayo Mwalimu huisimulia kwa raha zake. Kwamba tailizi zile aliziagiza Raja, yaani mfalme wa Kochi, kwa ajili ya jumba lake, Wayahudi wakamnong'oneza kuwa katika kuzitengeneza hutiwa damu ya ng'ombe, naye kwa kuwa ni Mhindu akasema ziondoeni, wakazichukua wao. Watu walicheka sana. Mimi sikuipenda. Kauri ya China ni udongo mweupe na jiwe la kusaga, na wafanyabiashara wa bandari nzima walikuwa wanauza na kununua vyombo hivyo kila msimu. Zaidi ya hapo, hadithi inamfanya mfalme zuzu na Wayahudi watu wa hila, wakati kila kitu kingine tulichosikia jioni ile kinasema vingine. Raja wa Kochi ndiye aliyewapa kiwanja. Na hakuwapa pembezoni. Aliwapa ubavuni mwa jumba lake, sinagogi likapakana na hekalu la mfalme ukuta kwa ukuta. Mwalimu ana picha aliyoipiga akiwa barabarani, paa mbili za vigae na mnara katikati. Picha hiyo moja inatosha kuifuta hadithi ya damu, lakini naona anaihitaji ili kuwaamsha walioanza kusinzia.

Sehemu ya historia aliianza kwa ramani, na hapa ualimu wake unaonekana. Alichora mishale miwili tu: kaskazi na kusi. Akaeleza kwamba upepo ule ule uliozileta jahazi Kilwa na Zanzibar ndio ulioziendesha Malabar, yaani pwani ile ya Kerala, na kwamba Wayahudi walifika kule kwa njia ya wafanyabiashara wote, kufuata pilipili manga. Wenyewe husimulia kwamba mababu zao walikuja tangu enzi za mfalme Suleiman, wengine husema ni baada ya Warumi kulibomoa Hekalu la Yerusalemu mwaka 70. Hayo ni masimulizi. Kinachoshikika mkononi ni mabamba ya shaba ya mnamo mwaka 1000, ambayo mfalme Bhaskara Ravi Varma alimpa Joseph Rabban, kiongozi wa Wayahudi. Yameandikwa kwa lugha ya Kerala ya enzi hizo na yametunzwa na jumuiya hiyo mpaka zama zetu. Ndani yake kuna haki 72. Kusamehewa kodi ni mojawapo, lakini nyingine zilituchangamsha zaidi: haki ya kutembea na mwavuli, ya kubebwa kwa machela, ya kuwashiwa taa mchana, ya kupigiwa ngoma na tarumbeta. Na haki hizo ziende kwa watoto na wajukuu wake maadamu dunia na mwezi vipo.

Mzee mmoja aliyekaa nyuma yangu akasema kwa sauti, "Hiyo taa ya mchana nani analipia mafuta?" Tukapoteza kama dakika tano hapo.

Wakati huo Wayahudi hao walikaa zaidi Cranganore, bandari iliyokuwa kaskazini ya Kochi. Mwaka 1341 yakaja mafuriko makubwa, mto ukajaza mchanga bandari ya zamani na kufungua mlango mpya wa bahari pale Kochi. Biashara ikahama, watu wakaifuata. Kuna jiwe lenye maandishi ya Kiebrania la mwaka 1344, la sinagogi lililokuwa Kochangadi, ambalo jengo lake halipo tena. Jiwe limepachikwa kwenye ukuta wa ua wa hili la Mattancherry. Kwa hiyo unapoambiwa 1568 elewa hiyo ni tarehe ya jengo. Waumini wenyewe ni wa zamani zaidi.

Waliolijenga hili la 1568 walikuwa kundi jingine, wageni waliofika baadaye. Hispania iliwafukuza Wayahudi mwaka 1492, Ureno ikawageukia mwaka 1497, wakatawanyika, baadhi wakafika Kochi. Balaa ni kwamba Wareno nao walikuwa njiani kuelekea huko huko. Hapa Mwalimu alisimama kidogo akatuuliza nani anakumbuka 1505. Kijana mmoja, nadhani mwanafunzi, akajibu vizuri: ndio mwaka Francisco de Almeida alipoishambulia Kilwa, kisha Mombasa. "Na alikuwa anakwenda wapi?" Alikuwa anakwenda India, na makao yake aliyaweka Kochi. Nikasikia watu wanaguna. Nilisoma Almeida shuleni kama mtu aliyekuja kwetu tu, kumbe sisi tulikuwa njiani.

Basi Wayahudi waliomkimbia Mreno Ulaya wakamkuta mlangoni, nao wakajiegemeza kwa Raja, na ukuta ule wa pamoja na jumba unaanza kueleweka. Mwaka 1662 Waholanzi walikuja kuuzingira mji wakashindwa, wakaondoka. Wareno wakawaadhibu Wayahudi kwa kuwaunga mkono Waholanzi, wakalichoma sinagogi. Mwaka uliofuata Waholanzi wakarudi, safari hii wakauteka. Mwaka 1664 jengo likasimama tena. Zama za Waholanzi ndizo zilizowatajirisha akina Rahabi, na ndizo zilizoleta tailizi na ule mnara wa saa wa mwaka 1760. Mnara una nyuso zenye namba za Kiebrania, za Kirumi na za Kimalayalam, kila mtu anasoma saa kwa namba zake.

Kabla sijaenda mbele niseme picha niliyoipenda kuliko zote, na haikuwa ya India. Ni ya Kunduchi. Mwalimu aliipachika hapo bila kutangaza: kaburi la mnara katika magofu ya Kunduchi, hapa hapa Dar, karne ya 18, lenye mashimo ya duara kwenye nguzo. Mashimo hayo yalikuwa yamepachikwa sahani na bakuli za kauri kutoka China, nyingi zimeshang'olewa na watu. Akaweka pembeni yake sakafu ya Kochi. Buluu na nyeupe ile ile, karne ile ile, bahari ile ile, tena wakati mji wetu haujazaliwa maana Sultani Majid alikuja kuuanzisha miaka ya 1860. Nimefanya kazi Kunduchi mara nyingi na pale magofuni sijawahi kuingia. Wengi tuliokuwa pale tulikuwa hivyo.

Za ndani nyingine alizipitisha harakaharaka kuliko nilivyopenda. Taa za vioo vya Ubelgiji zinazoning'inia nyingi kama mtu alishindwa kuchagua. Mimbari katikati yenye kizuizi cha shaba kilichosuguliwa kiking'ara. Kabati la mbao ya kuchongwa linalohifadhi magombo ya Taurati. Zulia alilotoa Haile Selassie wa Ethiopia. Na kitu ambacho ni cha masinagogi ya Kerala: mimbari ya pili iko juu, kwenye roshani, mbele ya sehemu ya wanawake, ambako Taurati husomwa siku ya Sabato na sikukuu. Mteja wangu alitaka aeleze zaidi hapo, akaambiwa tutarudi. Hatukurudi.

Umeme ukakatika tukiwa kwenye mnara wa saa. Mwalimu alitaka kufunga, tunywe chai. Mkewe akaja na taa ya kuchaji, akaiweka juu ya meza, hakuondoka.

"Mwalimu," akasema, "hujawaambia wale wa kwenye ngazi."

"Muda, mama. Muda umekwenda."

"Umeme wenyewe hakuna. Muda unao."

Tukacheka, na Mwalimu akakaa. Hapo ndipo darasa lilipoanza kweli kwa upande wangu, na ndiyo kasoro niliyoisema juu: sehemu hii haimo kwenye picha zake. Ukienda siku ambayo umeme haukukatika na mama yuko jikoni, pengine hutaisikia.

Ni hivi. Waliojenga sinagogi la 1568 hawakuwachukulia Wayahudi wa Malabar, wale wa siku nyingi, wa mabamba ya shaba, kuwa sawa nao. Waliitwa Wayahudi Weusi, na hawa wageni wakajiita Weupe. Weusi walikuwa wengi zaidi na walikuwa na masinagogi yao saba. Ndani ya sinagogi la Weupe kulikuwa na kundi la tatu, watu waliotokana na watumwa walioachwa huru. Walikuwa Wayahudi, wanashika Sabato, wanasali sala zile zile, lakini hawakuruhusiwa kukaa kwenye mabenchi pamoja na wengine. Wao walikaa chini kwenye ukumbi wa mbele, au nje kwenye ngazi. Hawakuitwa kusoma Taurati. Vizazi na vizazi.

Sebule ilinyamaza. Mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa mjukuu wa aliyeachwa huru ni nani, wala anawekwa safu ya ngapi.

Mama akaendelea, Mwalimu akiongeza tarehe. Mmoja wa watu hao alikuwa Abraham Barak Salem, aliyezaliwa mwaka 1882, akasoma akawa mwanasheria, akaingia baraza la kutunga sheria la Kochi, akawa mtu wa vyama vya wafanyakazi na wa harakati za uhuru wa India. Mahakamani alisimama, barazani alisimama, sinagogini kwake hana benchi. Akatumia silaha ya Gandhi: akasusia, akagoma kwa amani, bila kurusha jiwe wala kukoma. Ndiyo maana wakamwita Gandhi wa Wayahudi. Vizuizi vikaanza kuanguka taratibu, na kufikia miaka ya 1930 mengi ya zamani yalikuwa yamelegea. Alifariki mwaka 1967.

Mwaka uliofuata, 1968, sinagogi lilitimiza miaka 400. Indira Gandhi, waziri mkuu, akaenda kwenye sherehe na India ikatoa stempu. Mwalimu anayo stempu hiyo, ameiweka kwenye kijaluba cha plastiki, aliizungusha tukaitazama kwa mwanga wa simu. Nikawa najiuliza Salem angeketi wapi kama angewahi ile siku.

Nitasema la kwangu hapa. Nimelaza sakafu za watu ambao siku ya kuhamia waliniambia nikija kudai kilichobaki nipitie mlango wa jikoni, nisichafue. Kwa hiyo naposikia habari ya sakafu nzuri kiasi hicho, swali langu la kwanza ni nani anaruhusiwa kuikanyaga na mpaka wapi. Mwalimu ameipanga historia yake vizuri kwa upepo, wafalme na Wareno, na hakuna neno nililolisikia la uongo. Lakini ameipanga kama mgeni aliyelipa tiketi, anatazama juu kwenye taa. Mkewe alikuwa anaumwa, muda mwingi amekaa, akawauliza watu waliokaa. Sehemu hii ingehamia mbele, kabla ya damu ya ng'ombe. Kwanza ile ya damu ingefutwa kabisa.

Nilimwambia hivyo wakati wa chai. "Fundi, unanipangia darasa?" akasema. Nikamjibu hapana Mwalimu, nasema tu. Mkewe akaniongezea bagia.

Maswali yalikuwa mazuri. Kijana wa 1505 aliuliza kama Afrika Mashariki hatuna kitu cha namna hii. Jibu: Nairobi wapo, jiwe la msingi la sinagogi lao la kwanza liliwekwa mwaka 1912, na la sasa liko pale University Way inapokutana na Uhuru Highway, wengi tumepita na basi bila kujua. Na Uganda, karibu na Mbale, wako Abayudaya, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, hao ni Waganda wenyewe walioifuata Taurati. Mwingine akauliza Kochi wamebaki wangapi. Karibu wote waliondoka kwenda Israeli kuanzia miaka ya 1950, Weusi kwa Weupe. Sala ya jamaa inahitaji wanaume kumi waliobaleghe, na kwa miaka mingi sasa idadi hiyo hupatikana wageni wakija. Hilo Mwalimu alilijibu kwa sentensi mbili tu, naona linamuuma.

Mambo ya kujua kabla hujaenda. Mwendokasi unashuka Fire, unatembea. Ghorofa ya pili haina lifti na ngazi zina kona mbaya, mwenye magoti ajipange. Tailizi ya kidato cha tatu kutoka juu imeachia, ukiigonga inalia utupu, nimeshawaambia. Viti ni vya plastiki, njoo na mto ukiweza. Kaa kulia, kushoto mlango wa jikoni unafunguka mbele ya shuka kila mara. Chai ina sukari nyingi na huulizwi. Watoto wadogo watachoka kabla ya Wareno. Simu ruhusa, ila kadi za posta ameomba tusizipige picha, nami nikaona ni haki yake.

Kwa wenye mgonjwa anayekwenda Kerala, hili darasa lina thamani ya ziada. Mwalimu anakaa na wewe pembeni bila kukuongeza hela, anakueleza kivuko, kwamba Ijumaa jioni na Jumamosi sinagogi limefungwa, kwamba magoti na mabega yafunikwe, na duka gani la vitambaa vya kutarizi lilikuwa la bibi wa mwisho mwisho wa Kiyahudi aliyefariki mwaka 2019 akiwa na miaka 96. Nilimwona akimwandikia mama mmoja haya yote kwenye bahasha, kwa mwandiko wa ubaoni.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano naiweka mfukoni mpaka wale wa kwenye ngazi wapate picha yao.

Kipindi kijacho ni cha yale masinagogi saba mengine, ya Malabar. Moja, la Kadavumbhagam ya Mattancherry, mbao zake za ndani zilifunguliwa zikasafirishwa, zikaunganishwa upya katika jumba la makumbusho la Israeli, Yerusalemu. Lile la Paravur lilikarabatiwa likabaki pale pale kama makumbusho. Mwalimu amesema safari hii mkewe ndiye atakayeongea nusu ya kwanza. Nimeshalipia viti viwili, kimoja cha saidia fundi wangu, na anajua kabisa kwamba siku hiyo haihesabiwi kama kazi.